Nani Anafaidika Sheria za Dawa za Kulevya Zikibaki Kali? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Marekani

Maswali haya hujirudia kila mjadala wa bangi, unga na magereza ya Marekani unapozuka, iwe kwenye makundi ya WhatsApp ya Watanzania na Wakenya walio huko au barazani huku nyumbani. Nimeyapanga kuanzia ya msingi hadi yale ya pembeni. Pale jibu linapogusa jambo lililokwisha kuelezwa, nimetaja namba ya swali ili nisirudie.

## Mambo ya msingi

1. Mnaposema "maslahi ya kiuchumi" nyuma ya sheria kali, mna maana gani?

Maana yake ni riziki. Sheria ikikaa miaka hamsini, watu hujenga maisha juu yake. Askari magereza hulipwa mshahara kwa sababu ipo. Mji mdogo huwa na ajira kwa sababu ipo. Idara ya polisi hununua magari kwa fedha zinazotokana nayo, na maabara hupima mkojo wa waajiriwa kwa sababu yake. Siku mtu akipendekeza ilegezwe, hao wote wanaguswa mfukoni, na wengi wao wana vyama, mawakili na wawakilishi wanaowasemea bungeni.

Anayeumizwa na sheria hiyo mara nyingi ni kijana maskini, na mama yake hajui hata jina la seneta wa jimbo lake. Mwamba ngoma huvutia kwake, na hapa upande mmoja ndio wenye kamba.

2. Kwa hiyo sheria zenyewe zilitungwa kwa ajili ya fedha?

Hapana, na wengi huteleza hapa. Kilichotangulia ni hofu, na hofu hiyo ilikuwa na sababu. Mwaka 1971 Rais Nixon aliyataja matumizi mabaya ya dawa za kulevya kuwa adui namba moja wa taifa. Mwaka 1973 Gavana Nelson Rockefeller wa New York alipitisha sheria zilizomwezesha mtu aliyekutwa na aunsi chache tu za heroini au kokeini kufungwa kuanzia miaka 15 hadi maisha. Baadhi ya wakazi wa Harlem, mtaa wa watu weusi jijini New York, waliunga mkono ukali huo, maana wao ndio waliokuwa wakiruka sindano kwenye ngazi za nyumba zao.

Mwaka 1986 Kongresi iliweka kifungo cha lazima cha miaka 5 kwa gramu 5 za kraki, yaani kokeini iliyopikwa kuwa vipande vya kuvutwa, huku kokeini ya unga ikihitaji gramu 500 ndipo mtu apate adhabu ileile. Mia kwa moja. Hata baadhi ya wabunge weusi waliipigia kura, kwa sababu kraki ilikuwa inateketeza mitaa yao. Ilichukua hadi 2010 kushusha uwiano huo kuwa 18 kwa 1. Miaka 24 kurekebisha kosa la hesabu ambalo kila mtu alikuwa analiona! Fedha haikuizaa sheria. Ilikuja baadaye, ikawa miongoni mwa vinavyoizuia isiondoke.

3. Ni kweli kwamba kampuni za karatasi na nailoni ndizo zilizosababisha bangi kupigwa marufuku mwaka 1937?

Hadithi hii inapendwa sana. Inasema kwamba wenye magazeti na misitu, pamoja na kampuni ya DuPont iliyokuwa inatengeneza nailoni, waliogopa ushindani wa nyuzi za katani ya bangi, wakamtuma Harry Anslinger wa idara ya taifa ya dawa za kulevya akaipige marufuku.

Ushahidi wake ni dhaifu. California ilikuwa imekwisha kuikataza bangi mwaka 1913, na majimbo mengine mengi yakafuata kabla ya sheria ya taifa ya 1937. Chuki dhidi ya wahamiaji wa Meksiko inaeleza mengi zaidi kuliko nailoni. Namsihi msomaji aiache hadithi hii, kwa kuwa mambo ya kweli yaliyoandikwa kwenye nyaraka za wazi yanatosha, na ukianza na uvumi, mpinzani wako atautumia kukataa hata yale yenye ushahidi.

## Magereza

4. Si magereza ya kampuni binafsi ndiyo yanayoshikilia sheria hizi?

Yanachangia, lakini sehemu yao hukuzwa kuliko ilivyo. Kampuni kubwa ni mbili: CoreCivic, iliyoanzishwa Nashville mwaka 1983 kwa jina la Corrections Corporation of America, na GEO Group. Kwa pamoja na nyingine ndogo, hushikilia takriban asilimia 8 tu ya wafungwa wa majimbo na wa serikali kuu. Waliobaki wako kwenye magereza ya umma.

Hata hivyo, kampuni hizi zimetuachia maandishi yasiyohitaji mfasiri. Kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa hulazimika kuwaeleza wawekezaji hatari zinazoikabili. Katika taarifa yake ya mwaka 2010, Corrections Corporation of America iliandika kwamba mabadiliko yoyote ya sheria kuhusu dawa za kulevya au uhamiaji yanaweza kupunguza idadi ya wanaokamatwa na kuhukumiwa, na hivyo kupunguza uhitaji wa magereza yake. Baadhi ya mikataba ya magereza ya namna hii huko Arizona iliitaka serikali ihakikishe vitanda vimejaa kwa asilimia 100. Kitanda kikiwa kitupu, mlipa kodi anakilipia.

Siku hizi sehemu kubwa ya mapato yao inatokana na kuwashikilia wahamiaji. Kwa msomaji wetu aliyeko huko, au mwenye ndugu huko, mstari ule kuhusu uhamiaji unagusa karibu zaidi kuliko ule wa dawa za kulevya.

5. Kama si kampuni, basi nani ana nguvu kubwa?

Sekta ya umma yenyewe. Jibu hili huwakwaza wengi kwa sababu tumezoea kumtafuta tajiri mmoja mwovu. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa California, mwaka 2008. Wapiga kura waliletewa Pendekezo la 5, ambalo lingewapeleka wengi wa waliokutwa na dawa za kulevya kwenye matibabu badala ya gereza, na kutenga dola milioni 460 kwa mwaka kwa kazi hiyo. Chama cha wafanyakazi cha askari magereza wa jimbo hilo kilitoa si chini ya dola milioni 1 kulipinga. Likaanguka.

Siwalaumu askari kwa kutetea kazi zao, kila chama cha wafanyakazi kimeundwa kwa ajili hiyo. Ninachosema ni kwamba mpiga kura aliyeona tangazo la kumtisha kwenye televisheni alistahili kujua nani amelilipia, na anapoteza nini.

Halafu ipo miji. Nenda kaskazini kabisa mwa New York, karibu na mpaka wa Kanada, uone Malone. Mji mdogo, baridi kali, na kwa miaka mingi magereza matatu ya jimbo. Viwanda na ufugaji wa ng'ombe wa maziwa vilipodorora, gereza ndilo lililoleta mshahara wenye pensheni na bima ya afya. Sheria za Rockefeller zilipolegezwa mwaka 2009 na magereza kadhaa yakafungwa mwaka 2011, wakazi wa maeneo kama hayo waliandamana. Mwalimu, muuza petroli, fundi wa magari, wote walikuwa wanakula kutokana na mshahara wa askari magereza.

Kuna jambo jingine la ajabu: sensa. Kwa miaka mingi mfungwa wa Bronx, sehemu ya jiji la New York, alihesabiwa kuwa mkazi wa kule alikofungwa, ingawa haruhusiwi kupiga kura. Wilaya ya kijijini ikaonekana ina watu wengi, ikapata uzito zaidi bungeni, na mtaa alikotoka ukapungukiwa. New York iliufuta utaratibu huo kwa sheria ya 2010 katika ugawaji wa majimbo yake ya uchaguzi.

6. Wafungwa wa dawa za kulevya ni wangapi hasa?

Inategemea gereza. Kwenye magereza ya serikali kuu, karibu asilimia 44 wanatumikia makosa ya dawa za kulevya. Kwenye ya majimbo, ambako wafungwa wengi wako, ni kama asilimia 13 hadi 14. Kwa hiyo anayedai kwamba ukihalalisha dawa zote magereza yatabaki matupu anakosea.

Lakini namba za waliomo gerezani haziwahesabu waliokamatwa wakaachiwa na doa kwenye rekodi zao. Mwaka 2007 pekee watu zaidi ya 870,000 walikamatwa kwa bangi. Wengi hawakufungwa muda mrefu, ila kila mmoja alipita mikononi mwa polisi, mahakama, mdhamini na afisa wa uangalizi, na kila kituo kilikuwa na ada yake.

7. Familia ya aliyekamatwa inalipa nini?

Inalipa karibu kila kitu, na hapa ndipo roho yangu inapouma zaidi.

Huanza na dhamana. Marekani na Ufilipino ni nchi mbili tu duniani zenye biashara ya wadhamini wa kulipwa. Hakimu akisema dola 10,000 na huna, unamlipa mdhamini asilimia 10, na hiyo dola 1,000 hairudi hata kesi ikifutwa kesho yake. California ilipopitisha sheria ya kuondoa dhamana ya fedha mwaka 2018, kampuni za udhamini zilifadhili kampeni ya kuipeleka kwa wapiga kura, ikakataliwa mwaka 2020.

Kisha simu. Bibi mmoja wa Washington, Martha Wright, alishindwa kumudu kumpigia mjukuu wake gerezani, akawasilisha malalamiko kwa mamlaka ya mawasiliano mwaka 2003. Kulikuwa na mahali dakika moja ilizidi dola 1, na magereza mengi yalipata kamisheni kwa kila simu. Alifariki kabla ya sheria yenye jina lake kutiwa saini Januari 2023. Miaka ishirini, kwa ajili ya bibi kuongea na mjukuu.

## Polisi na mali

8. Polisi wa Marekani wanaweza kuchukua gari au fedha zangu bila kunihukumu?

Wanaweza, katika majimbo mengi. Kesi hufunguliwa dhidi ya mali, si dhidi yako. Mwaka 2006 mahakama ya rufaa iliamua kesi iliyoitwa Marekani dhidi ya dola 124,700 taslimu. Fedha hizo zilikutwa Nebraska ndani ya gari la kukodi. Dawa za kulevya hazikukutwa, lakini serikali ilizichukua na mahakama ikakubali.

Mzizi ni sheria ya taifa ya 1984, iliyoruhusu idara za polisi kubaki na sehemu ya mali zinazotaifishwa. Polisi wa kaunti wakishirikiana na serikali kuu hupata hadi asilimia 80. Tazama jinsi jambo hili linavyobadilisha akili ya kazi: mwizi wa baiskeli hana faida kwa bajeti, muuaji hana faida kwa bajeti, lakini gari lenye fedha za unga lina faida. Hata polisi mwaminifu, bosi wake akimwonyesha pengo la bajeti, ataanza kuangalia barabara kuu kwa jicho jingine.

Ushauri kwa wasafiri wetu: kubeba fedha taslimu si kosa, lakini beba risiti za benki, na usikubali kusaini karatasi ya kuacha madai yako barabarani bila wakili.

9. Hakuna mahakama iliyozuia jambo hili?

Imezuiwa kidogo. Bwana Timbs wa Indiana aliuza heroini ya dola mia chache kwa polisi waliojifanya wateja. Faini ya juu kabisa ya kosa lake ilikuwa dola 10,000, lakini jimbo likachukua Land Rover yake ya takriban dola 42,000, aliyoinunua kwa malipo ya bima ya maisha ya marehemu baba yake. Februari 2019 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kwa kauli moja kwamba katazo la faini zilizopita kiasi linayabana majimbo pia. New Mexico ilifuta utaifishaji bila hukumu mwaka 2015, na Maine mwaka 2021.

## Biashara

10. Kampuni za dawa za hospitali na za pombe zimewahi kupinga kuhalalishwa kwa bangi?

Ndiyo, na kwa majina. Mwaka 2016 Arizona ilipiga kura kuhusu bangi. Kampuni ya Insys ilitoa dola 500,000 kuipinga. Insys ilikuwa inauza dawa ya kupuliza ya fentanili, kituliza maumivu kikali mno, na ilikuwa njiani kuingiza sokoni dawa yenye kemikali ya bangi iliyotengenezwa maabara. Pendekezo lilishindwa kwa tofauti ndogo. Mwaka 2019 mwanzilishi wa Insys, John Kapoor, alitiwa hatiani kwa njama za kuwahonga madaktari waandike fentanili hiyo, akahukumiwa kifungo cha miezi 66. Kampuni iliyouza dawa kali kuliko heroini iliwaambia wananchi bangi ni hatari kwa watoto wao.

Kwa pombe, wasambazaji wa bia wa California walichangia dola 10,000 kupinga Pendekezo la 19 la kuhalalisha bangi mwaka 2010. Kiasi kidogo. La kufurahisha zaidi kwa mchunguzi ni kilichofuata: mwaka 2018 Constellation Brands, inayouza bia ya Corona nchini Marekani, iliwekeza dola bilioni 4 kwenye kampuni ya bangi ya Kanada. Maslahi hugeuka upande pale faida inapohama.

11. Kupima mkojo kazini nako ni biashara?

Ni biashara kubwa. Rais Reagan aliagiza watumishi wa serikali kuu wapimwe mwaka 1986, na sheria ya 1988 ikawasukuma wenye mikataba ya serikali kuweka sera za kazini dhidi ya dawa za kulevya. Peter Bensinger, aliyeongoza DEA, idara ya taifa ya kupambana na dawa za kulevya, na daktari Robert DuPont, mkurugenzi wa kwanza wa taasisi ya taifa ya utafiti wa dawa za kulevya, walianzisha kampuni ya ushauri iliyowahudumia waajiri katika eneo hilohilo. Hakukuwa na kosa la kisheria. Ila anayetaka kuelewa jinsi ukali unavyopata watetezi wa kudumu asiwasahau watu wanaotoka ofisini wakaingia sokoni na ujuzi uleule.

12. Wauza unga wenyewe wanataka sheria zilegezwe?

Fikiria wewe. Bei ya unga hupanda kwa sababu ya hatari ya kuubeba. Ondoa hatari, bei inaanguka. Pendekezo la 19 liliposhindwa mwaka 2010, kaunti za Humboldt, Mendocino na Trinity, maarufu kwa kulima bangi kwa magendo, zilipiga kura ya hapana. Wakulima wengi waliogopa bei ishuke.

13. Wafanyabiashara wa bangi halali wako upande wa uhuru?

Wa uhuru wao. Ohio mwaka 2015 ililetewa pendekezo ambalo lingewapa makundi 10 ya wawekezaji haki ya pekee ya kilimo cha kibiashara. Likakataliwa na karibu theluthi mbili ya wapiga kura, wakiwemo watu wanaopenda bangi. Huko New York baadhi ya wenye leseni za bangi ya matibabu walimwandikia gavana wakipinga raia kuotesha miche nyumbani. Akishapata leseni, aliyekuwa nje ya uzio huanza kuulinda.

## Maswali ya pembeni

14. Ukiyasema haya, si unatetea dawa za kulevya?

La. Nimeona unga unavyomla mtu, na sitaki mtoto wa yeyote aukaribie. Unaweza kuamini kwamba heroini ibaki marufuku na wakati huohuo ukakataa polisi wajilipe kwa mali wanayoichukua. Kuonyesha kwamba mtu ana maslahi hakuthibitishi kuwa hoja yake ni ya uongo. Kunakupa tu sababu ya kuichunguza mara mbili.

15. Nina grini kadi, naishi jimbo lililohalalisha bangi. Niko salama?

Hapana! Tafadhali lisome jibu hili kwa makini. Uhamiaji ni jambo la serikali kuu, na sheria ya taifa ya 1970 inaihesabu bangi kuwa dawa inayodhibitiwa. Hukumu ya dawa za kulevya inaweza kukufukuzisha nchini, isipokuwa kosa moja la kukutwa na bangi isiyozidi gramu 30 kwa matumizi yako. Tangu Aprili 2019 mwongozo wa idara ya uraia umesema hata kuajiriwa kwenye duka halali la bangi kunaweza kukukosesha uraia. Usikiri chochote mbele ya afisa bila kuongea na wakili wa uhamiaji.

Madereva wa malori, nanyi pia: vipimo vyenu ni vya serikali kuu, na tangu Januari 2020 matokeo mabaya huingia kwenye daftari la taifa ambalo kila mwajiri mpya hulikagua.

16. Huku kwetu Afrika Mashariki mambo ni hayohayo?

Kwa sehemu. Hatuna biashara ya wadhamini wala magereza yenye hisa sokoni. Tuna kitu kidogo. Adhabu ikiwa nzito, bei ya kuikwepa nayo hupanda. Ndugu wa familia ya Akasha, waliokuwa wauza unga, walikamatwa Mombasa Novemba 2014, lakini hawakufikishwa Marekani hadi Januari 2017. Mahakamani New York ilielezwa kwamba waliwahonga maafisa wa Kenya ili kuchelewesha kesi. Baktash, mmoja wa ndugu hao, alipata miaka 25.

Mfano unaofundisha zaidi ni miraa. Kenya inaitambua kama zao la biashara, na hakuna mwanasiasa wa Meru atakayethubutu kuigusa. Vuka Namanga na jani hilohilo linaitwa mirungi, na ni kosa la jinai. Uingereza ilipoipiga marufuku Juni 2014, serikali ya Kenya ilihangaika kuitetea. Nchini Uganda, walimaji na wauzaji wa miraa wa Wakiso walikwenda mahakamani, na Mei 2023 Mahakama ya Katiba ikaifuta sheria nzima ya dawa za kulevya kwa sababu ilipitishwa bila akidi. Bunge liliitunga upya. Jani ni lile lile. Kinachotofautiana ni nani analilima na anasikika kiasi gani.

17. Nitajuaje kama anayepinga au anayeunga mkono mabadiliko ana maslahi yake?

Majimbo mengi ya Marekani huchapisha orodha za wanaochangia kampeni za kura za maoni, na michango ya swali la 5 na la 10 ilijulikana kwa njia hiyo. Andika namba ya pendekezo, mwaka na jimbo kwenye tovuti ya idara ya uchaguzi, uangalie pande zote mbili. Kwa kampuni za hisa, fungua taarifa ya mwaka, sehemu ya hatari zinazoikabili kampuni. Kwa polisi, omba bajeti ya idara uone fedha za utaifishaji zimeingia ngapi na zimenunua nini.